Mwenye Mali na Mwenye Kazi

Katika maswali ambayo vijana wa zama zetu hawajiulizi vya kutosha ni hili: mtu aanzapo kazi mpya, naye ana ujuzi lakini hana rasilmali, je, apokee fedha ya kila ampaye? Wengi hujibu kwamba fedha ni fedha, haina uso wala jina. Sisi twaona jibu hilo ni ghururi. Fedha huja pamoja na mwenyewe. Nayo ikisha kutumika, mwenyewe husalia.

Mkopeshaji hudai chake, kazi istawi au ifilisike, na akisha kulipwa huenda zake. Ama atiaye mali yake ili apate fungu, huyo ni mshirika. Kazi ikifa, mali yake imekwenda; ikistawi, ana sehemu katika faida na kauli katika mashauri. Mafakihi wetu, katika mlango wa mudharaba, waliweka kwamba faida igawanywe kwa kiasi kilichoafikiwa tangu mwanzo, na khasara ya mali imwangukie mwenye mali, maadamu mwenye kazi hakufanya khiyana wala uzembe. Naye khasara yake ni jasho lake lililopotea. Basi ushirika hausimami ila kwa uaminifu wa pande zote mbili.

Na tutazame mfano ulio mashuhuri. Mwaka 1976, huko California katika Marekani, Steve Jobs na Steve Wozniak waliunda sharika ya kompyuta wakaiita Apple, na wa tatu wao alikuwa Ronald Wayne, mwenye asilimia 10. Madeni ya ushirika ule yaliweza kudaiwa kwa kila mmoja wao, na Wayne ndiye aliyekuwa na mali ya kukamatwa. Baada ya siku 12 akajitoa, akalipwa dola 800. Watu humcheka, sisi hatumcheki. Alikijua kiasi cha khatari awezacho kukichukua, akasema mapema. Mshirika aondokaye kwa uwazi ni bora kuliko akaaye na khofu moyoni.

Mwaka 1977 akaingia Mike Markkula, aliyekwisha tajirika katika sharika ya Intel. Alitoa mtaji na mkopo, ambavyo pamoja hutajwa kuwa dola 250,000. Lakini hakuleta fedha tu: aliwasaidia kutunga mpango wa biashara, akashikilia kwamba Wozniak aache kazi ya kuajiriwa, akaleta mtu mzoefu wa kuiendesha sharika. Hayo ndiyo waliyoyakosa vijana wale. Hata mwaka 1985, Jobs alipokhitilafiana na John Sculley, mkuu wa sharika, Markkula na baraza la wakurugenzi walisimama upande wa Sculley, na Jobs akaondoka katika kazi aliyoianzisha.

Je, ile ilikuwa khiyana? Hatuoni hivyo. Mwenye mali aliiamini kazi, wala hakuapa kumfuata mtu mmoja katika kila shauri. Ila tulijue hili: kila fungu auzalo mwanzilishi, huuza pamoja nalo sehemu ya amri yake. Asiyelijua siku ya kutia sahihi, atalijua siku ya ugomvi.

Kwa hiyo, kama vile tajiri amchunguzavyo kijana, kijana naye amchunguze tajiri. Asiwaulize waliofaulu naye tu, bali amtafute yule ambaye kazi yake ilikufa, amuulize: bwana yule alikuwaje siku ya msiba? Na mapatano yaandikwe wangali wanapendana.

Akisha kumchagua, asimfiche khabari mbaya. Nahodha aonaye maji yakiingia chomboni, akamwambia mwenye chombo kuwa safari ni njema, ameivunja amana kabla chombo hakijazama. Na tajiri naye, aambiwapo kweli chungu, asimwadhibu aliyeisema. Kwani akifanya hivyo, siku ya pili ataletewa uwongo mtamu, na mali yake itapotea hali anacheka.

Mali iliyopotea yaweza kuchumwa tena. Kuaminiana kukishapotea, ni kwa taabu sana kurudi.