Chai Iwekwayo Ghalani Kungojea Bei

Huulizwa: mtu akinunua chai ya Uchina, asiinywe wala asiiuze, akaiweka ghalani miaka kumi au ishirini hata bei yake ipande, je, hiyo ni biashara ya halali au ni ihtikari iliyokatazwa?

Kabla ya hukumu yapasa ijulikane sura ya jambo lenyewe. Katika jimbo la Yunnan, kusini-magharibi ya Uchina, hutengenezwa chai iitwayo Pu'er. Majani yake hutiwa mvuke, yakashindiliwa mfano wa mkate wa duara. Desturi kila mkate ni gramu 357, na mikate 7 hufungwa pamoja. Chai nyingi huharibika ladha kwa kukaa; hii, ikihifadhiwa pahali pema, ukali wake hulainika na rangi ya maji yake hukolea mwaka baada ya mwaka. Kwa sababu hiyo ya kale hupita mpya kwa thamani, na wenye mali wa Hong Kong, Taiwan na Guangdong huiweka akiba kama wawekavyo dhahabu.

Ama ihtikari, wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii wameihusisha na chakula cha kutegemewa, kama mchele na ngano, mtu akinunua wakati wa dhiki akakizuia ili bei izidi. Imamu Malik ameipanua hata kwa kila kitu ambacho kuzuiwa kwake hudhuru watu. Chai kongwe si chakula cha kutegemewa, na asiyeipata hafi njaa wala hadhuriki. Basi kwa kauli zote mbili kuiweka si ihtikari, na asili yake ni biashara ya halali.

Lakini halali hiyo ina hatari tatu pembeni mwake.

Ya kwanza ni ghushi. Thamani ya chai hii ni umri wake, na umri hauonekani kwa macho. Wako waiwekao penye unyevu mwingi ili changa ifanane na kongwe, na wako wabadilishao karatasi ya juu. Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika fungu la chakula sokoni akakuta umajimaji chini yake, mwenye mali akataja mvua, naye akalaumiwa kwa kuuficha umaji ule watu wasiuone. Afichaye hali ya ghala lake amesimama penye fungu lile lile.

Ya pili ni zaka. Aliyenunua kwa nia ya kuuza, chai yake ni mali ya biashara. Kwa madhehebu ya Shafii huitia kima kila mwaka utimiapo. Ikifika nisabu hutoa robo ya ushuri, ijapokuwa hajauza hata mkate mmoja. Aliyenunua kwa kunywa hana zaka juu yake. Hapo nia hujaribiwa, maana yuko aiitaye rasilmali mbele ya wenziwe, na mwaka wa zaka ukitimia huiita kinywaji.

Ya tatu ni tamaa. Bei ya Pu'er ilipanda kwa miaka kadhaa, na mwaka 2007 ikaanguka ghafula. Majani yalikuwa yale yale na ladha ile ile. Ila wengi hawakununua wapate kunywa. Kila mmoja alimtazamia mnunuzi wa baada yake, na huyo akimtazamia mwingine, hata akakosekana wa mwisho. Mwenye deni alibaki na deni lake na ghala limejaa, na wakulima wa Yunnan walioitegemea bei ile wakapata hasara.

Basi atakaye kuweka chai na aweke mali yake mwenyewe, isiwe ya mkopo wala ya chakula cha watoto, aeleze kweli auzapo, atoe zaka, na mara kwa mara afungue mkate mmoja anywe na wageni wake. Mali isiyomfaa mwenyewe, wala mgeni, wala masikini, mwisho wake ni ya warithi. Nao huenda wakaipika asubuhi moja bila kuijua bei yake, wakawa wao ndio wa kwanza kunufaika nayo.

Wallahu aalam.