Kisichojulikana Kazi Yake

Neno "hakina kazi" ni jepesi kulitamka na zito kulithibitisha. Alisemaye hudhani ametoa habari ya kitu, kumbe mara nyingi ametoa habari ya macho yake. Je, ni haki kukihukumu kitu kwa kimya chake? Swali hili ni kongwe katika mambo ya watu, lakini lilipata shahidi asiyetazamiwa katika bakteria aitwaye Escherichia coli, mkazi wa matumbo ya wanadamu.

Mwaka 1967 uzi mfupi wa RNA ulionekana ndani ya bakteria huyo. Uliitwa 6S, jina lililotokana na kasi yake ya kuzama katika mashine izungukayo kwa nguvu. Kufika mwaka 1971 herufi zake 184 zilikuwa zimekwisha kusomwa kwa mpangilio wake. Haukuwa mjumbe achukuaye maagizo ya kujenga protini, wala haukuwa miongoni mwa RNA zinazobeba vipande vya kuijengea. Basi ulikuwa nini? Sura yake ilijulikana, urefu wake ulijulikana, cheo haukuwa nacho. Baadaye wataalamu waliwafanya bakteria wasio na uzi huo, na bakteria hao wakakua kama wenzao bila ya upungufu ulioonekana. Ilikuwa kana kwamba ushahidi wa kuuhukumu umetimia.

Lakini na litazamwe lile jaribio lenyewe. Bakteria walikuwa wameshiba. Mwaka 2000, miaka 33 baada ya uzi kuonekana, Karen Wassarman na Gisela Storz walionyesha kwamba 6S hukikamata kimeng'enya kinachonakili jeni, hasa chakula kinapopungua na ukuaji unapokoma, na kwa kukikamata huzuia baadhi ya jeni zisinakiliwe. Ikadhihirika tena kwamba bakteria walionyimwa uzi huo, wakikaa siku nyingi katika dhiki, hushindwa na wenzao walio nao. Mlinzi wa njaa alikuwa amepimwa karamuni!

Wala si kwamba hapakuwa na dalili. Tangu mwaka 1984 ilijulikana kuwa RNA nyingine ndogo, iitwayo micF, hujibandika juu ya ujumbe wa jeni fulani na kuunyamazisha. Hata hivyo iliwezekana kuiona kama ajabu ya pekee, kwa kuwa ajabu ya pekee haimlazimishi mtu kubadili rai yake.

Mwaka 2001 makundi ya watafiti yalikwenda kuchungua nafasi zilizo kati ya jeni na jeni, ambazo wengi walizipita kama mtu apitavyo kiwanja kitupu. Kundi moja lilijaribu mahali 23 palipodhaniwa kuwa na RNA ndogo, likapata mpya 14. Hapa yafaa kuwa na kiasi. Mahali pengine hapakutoa kitu kilichotafutwa, na atakayesema kwamba kila utupu una hazina atakuwa ameiacha dhuluma moja akaishika nyingine. Kitu hakistahili heshima ya kazi ambayo haijathibitishwa; kinachostahili ni kuandikwa kwa uaminifu: "haijaonekana", si "haipo". Kati ya hizo 14, baadhi zilionekana katika hali fulani na kufifia katika nyingine. Aliyetazama siku moja tu, bakteria wakiwa katika shibe, angaliweza kuapa kwa moyo safi kwamba hapakuwa na kitu.