Haki ya Sauti Ngeni

Pongwe ni kata ya Tanga iliyo kando ya barabara iendayo Muheza. Wakazi wake si wageni wa sauti nzito. Reli ya Tanga, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1893, ilipita katika ardhi hiyo. Mashamba ya mkonge yalikuwa jirani. Na tangu miaka ya 1980 kiwanda cha saruji kimekuwa kikisaga huko mawe ya chokaa. Mtoto azaliwaye mahali kama hapo hutambua mapema kwamba kelele na riziki huweza kukaa nyumba moja. Walakini, mtoto huyo huyo akifungulia simu yake sebuleni na kusikiliza magitaa mazito ya muziki uitwao metali, aghalabu mzee wake humwamuru azime kabla wimbo wa kwanza haujafika kati. Mzee akiulizwa sababu, hujibu kwamba huo si muziki bali ni uhuni. Katika amri hiyo fupi limo swali la maadili. Je, yuko mwenye haki ya kuihukumu sauti ambayo hajaisikiliza? Na mwenye kuitoa sauti hiyo, naye ana wajibu gani kwa sikio la mwenziwe?

Yapasa mzee atendewe haki kwanza. Sikio la pwani limelelewa na shairi. Wimbo wa Kiswahili una vina na mizani, na mara nyingi una fumbo ambalo msikilizaji huachiwa alifumbue. Neno lisiposikika, msikilizaji hujiona amealikwa karamuni akapewa harufu ya chakula tu. Zaidi ya hayo, mzee ni mlezi, na mlezi asiyejali kiingiacho masikioni mwa mwanawe amekwisha kuacha nusu ya kazi yake. Basi hofu yake si ujinga. Ni elimu iliyokusanywa kwa miaka mingi, na elimu hiyo haifai kudharauliwa kwa sababu imevaa hasira.

Hata hivyo, elimu hiyo ina historia, na historia yenyewe haimsaidii. Husimuliwa kwamba taarabu ilifika Unguja kutoka Misri katika zama za Sayyid Barghash, aliyetawala kutoka mwaka 1870 hadi 1888. Ilikuwa sanaa ya jumba la mfalme, tena kwa lugha ya Kiarabu. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba katika ufukara, aliiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akavuka bahari mpaka Bombay kurekodi santuri zake za kwanza. Katika miaka ya 1960 zamu ya mageuzi ikawa ya Tanga. Vikundi vya Black Star na Lucky Star vilipunguza wingi wa vinanda vya Unguja, vikaingiza gitaa la umeme na besi, na vikaipa taarabu mwendo wa dansi. Sauti ya Shakila ilipanda juu ya magitaa hayo, na leo mzee wa Pongwe huziita nyimbo hizo zetu. Amesema kweli. Lakini gitaa la umeme halikuzaliwa Tanga; lilikuwa la Tanga kwa sababu walikuwako watu waliokubali kulisikiliza lilipokuwa bado geni. Mazoea, basi, hayawezi kufanywa hakimu wa kwanza, kwa kuwa huja baada ya kusikiliza.

Mwaka 1989 zilitoka albamu mbili ambazo huenda hazikupata kuwekwa pamoja katika rafu moja. Moja iliitwa Nyota, mkusanyo wa nyimbo za vikundi hivyo viwili vya Tanga, uliotolewa London. Ya pili ilikuwa albamu ya kwanza ya kikundi cha Kimarekani, Dream Theater, kilichoanzishwa mwaka 1985 na wanafunzi watatu wa muziki mjini Boston. Hao walichukua uzito wa metali wakautia nyimbo ndefu, mapigo yenye kubadilika na sauti tamu ya kuimbika. Baada ya albamu hiyo mwimbaji wao aliachana nao, na ikawalazimu kutafuta mwingine. Kazi ya kwanza mara nyingi huwa hivyo: huonyesha njia kabla msafiri hajajua kutembea vizuri. Anayeidai ukamilifu huidai mbegu kivuli. Lakini mambo waliyotenda wanafunzi wale na waliyotenda wanamuziki wa Tanga yana undugu: wote walipokea urithi, wakaongeza kitu, wakabaki na wimbo.

Asili ya metali nayo si ya upuuzi. Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath ya Birmingham, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwanda cha chuma alipokuwa kijana wa miaka 17. Alijitengenezea vifuniko vya vidole, akatumia nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza, na sauti ikazidi kuwa nzito. Albamu ya kwanza ya kikundi chake ilitoka mwaka 1970. Hiyo ni sauti ya mtoto wa mji wa viwanda aliyejeruhiwa kazini akakataa kunyamaza. Mtu wa Pongwe anaweza asiipende, lakini hawezi kusema kwamba chanzo chake hakimhusu.

Inabaki hoja ngumu zaidi, nayo ni ukelele. Mwaka 2020 vijana wawili wa Nairobi, kwa jina la Duma, walitoa albamu yao ya kwanza kwa Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na humo neno mara nyingi humezwa na kilio. Hapa mzee ana dai la haki, na kijana ana deni. Kijana asifanye kutoeleweka kwake kuwa ushahidi wa ukubwa wake. Mwenye kulia mbele za watu hana budi kuwa na jambo la kulilia. Lakini pwani haikukosa kamwe mahali pa ukelele. Katika ngoma za pepo mganga hamzibi mdomo anayepiga kelele. Humwuliza: u nani, nawe wataka nini? Huuliza kwanza, kisha hutafuta dawa.

Swali hilo la mganga ndilo linalokosekana sebuleni. Kukosekana kwake kuna gharama kubwa kuliko muziki. Mtoto aliyehukumiwa kabla ya kusikilizwa hatupi wimbo wake; huuhamishia masikioni kwa nyaya, akakaa karibu na mzee wake pasipo kuwa naye. Akijifunza kuficha wimbo, atajua pia kuficha huzuni, deni na rafiki mbaya, na siku atakapohitaji shauri hatakuwa na mazoea ya kuliomba. Mzee atakuwa ameshinda gitaa akampoteza mwana.

Haki ya sauti ngeni, basi, si haki ya kupendwa, kwani hakuna awezaye kuamriwa kupenda. Ni haki ya kusikilizwa mpaka mwisho na kuulizwa inataka nini. Mzee akiisha kusikia na kuuliza, akasema kwamba hakuipenda, kauli yake itakuwa hukumu, na kijana atapaswa kuipokea kwa adabu. Kabla ya hapo ni amri tu.