Je, mgeni aweza kukataa chakula?

Desturi hii kwetu kila mtu aijua: mgeni akiingia, bugali huletwa. Naye akikataa kula, watu hutazamana. Mmoja anyamaza, mwingine anong'ona: «Anatudhani walozi?» Kwa maana katika vijiji vyetu kukataa chakula cha mtu si neno la tumbo tu. Ni kama kumshitaki mwenye nyumba kwamba ametia sumu. Ndiyo sababu wengi hula pasipo njaa, kusudi wasimtie mwenyeji haya.

Twataka kufikiri juu ya desturi hiyo kwa ajili ya mzee mmoja tuliyemfahamu sana. Alikuwa na ugonjwa wa sukari. Mganga alimwambia apunguze bugali, aache limonadi na chai ya sukari nyingi, atembee kila siku. Nyumbani alitii. Lakini siku ya arusi ya binti ya ndugu yake, wamama walimwongezea mara ya pili, na mara ya tatu. Alisema: «Inatosha.» Nasi tuliokaa karibu naye tukacheka, tukamwambia: «Baba, sikukuu haina dawa. Kula!» Akala. Hatusemi kwamba siku ile moja ilimharibu. Ugonjwa huu haufanyi kazi kwa sahani moja. Lakini siku za namna ile zilikuwa nyingi, arusi, kilio, ubatizo, Noeli, na kila mara sisi tulikuwapo. Baadaye kidonda kidogo cha mguu kikakataa kupona, na mguu ukakatwa. Tangu hapo neno letu lile, «Kula!», latusumbua.

Tueleze kwanza ugonjwa wenyewe. Chakula cha unga, uwe wa mihogo au wa mahindi, hugeuka sukari na kuingia katika damu. Kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo, hutoa insulini. Insulini ni kama mtu apigaye hodi mlangoni pa kila chembe ya mwili, ili sukari ikaribishwe ndani na kuwa nguvu. Wako watu, mara nyingi watoto na vijana, ambao kongosho yao haitoi insulini tena. Hao wasipopata sindano hufa. Mwaka 1921, mjini Toronto katika Kanada, Frederick Banting na Charles Best walifaulu kuitoa insulini katika kongosho za wanyama, na Januari 1922 kijana mmoja, Leonard Thompson, alipigwa sindano ya kwanza. Kabla ya hapo waganga hawakuwa na shauri ila kumshindisha mgonjwa njaa ili aishi siku chache zaidi.

Lakini wagonjwa walio wengi ni wa namna ya pili, na mzee wetu alikuwa mmoja wao. Hodi yapigwa, chembe hazisikii. Kongosho yapiga hodi kwa nguvu zaidi, miaka mingi, hata yachoka. Ni nini kinachoziba masikio hayo? Mara nyingi ni mafuta yaliyojazana tumboni na ndani ya ini, na mwili usiotumika. Tena urithi wa ukoo, tena uzee. Misuli ya mtu atembeaye au alimaye huvuta sukari hata ikiwa insulini haisikiki vema.

Kwa hiyo masikio hayo yaweza kuzibuliwa. Marekani, mwaka 2002, waganga walitangaza habari za watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda. Waliopunguza uzito kidogo na kutembea dakika 150 kwa juma, ugonjwa ulipungua kati yao kwa 58 kwa mia; waliopewa metformini, ambayo ni dawa nzuri, kwa 31 kwa mia. Lakini anayetumia sindano au vidonge asibadili chakula chake wala asifunge pasipo kumwuliza mganga, maana sukari ikishuka mno mtu huanguka. Na wale wauza mizizi sokoni wasemao «Tupa dawa za hospitali», tusiwasikie.

Hapa mtu atasema: «Basi, ikiwa chakula chaweza kuponya, mgonjwa amejitakia ugonjwa kwa ulafi wake.» Hapana. Nyumba ikipigwa na radi, mwenyewe hana kosa, walakini ni juu yake kuchota maji. Kuweza kufanya jambo leo si kuwa na hatia ya jana. Tumewaona walafi wakubwa wasio na ugonjwa huu, na wakulima wembamba walio nao.

Aristotle, mwenye hekima wa Wagiriki wa kale, alifundisha kwamba kiasi si hesabu moja kwa watu wote. Ikiwa vipimo kumi vya chakula ni vingi na viwili ni vichache, haifuati kwamba kila mtu apewe sita. Kwa Milo, yule mpiga mieleka, sita ni vichache. Kwa mtu anayeanza mazoezi ni vingi. Seminarini tuliandika maneno hayo katika mtihani tukapata alama nzuri. Hatukufikiri hata kidogo kwamba yalisema habari za bugali.

Mwenyeji humlisha mgeni kwa ajili ya nani? Akimlazimisha ale kinachomdhuru, ili majirani wasiseme, basi amelisha jina lake mwenyewe. Lakini mgeni naye ana wajibu: aseme mapema, si wakati sahani imekwisha kuwekwa chini. Twajua si rahisi. Wengi huficha ugonjwa huu kwa haya. Tena waganga husema nusu ya sahani iwe mboga, robo samaki au maharagi, robo bugali. Lakini kwetu watu watano hula katika sahani moja, na nani aione robo yake? Na nyumba yenye watoto wanane hushibishwa na bugali, si na samaki. Anayetoa shauri bila kufikiri bei ya samaki hajashauri bado.

Mzee wetu sasa hutembea kwa magongo. Siku ya kilio, mke wake hutangulia jikoni, asema wazi: «Baba yenu ana ugonjwa wa sukari. Mwekeeni lengalenga na samaki, na bugali kiasi cha ngumi, katika sahani yake peke yake.» Mara ya kwanza wamama walinung'unika. Lakini mmoja alimfuata nje, akamwuliza ugonjwa huo huanzaje. Alipoambiwa habari za kiu na kukojoa mara kwa mara, alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba yeye pia huamka kila usiku kunywa maji. Juma lile alikwenda kupimwa.