Teke la Bunduki

Hivi, msomaji, ni haki kumuua mnyama huku bega lako limestarehe?

Swali hili sikulitafuta mimi. Lilinikuta Morogoro, barazani kwa mjomba wangu, mzee ambaye kwa miaka kumi na minane alifuata nyayo mbele ya wawindaji wa kigeni kwenye vitalu vya Selous, kabla sehemu kubwa ya pori lile haijafanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Alikuja jamaa mmoja mwenye duka la vipuri, mtu wa fedha zake, na karatasi za picha za bunduki kwapani. Vibali, alisema, anavishughulikia. Alichotaka ni ushauri tu.

"Shikamoo mzee. Nataka ile isiyoumiza bega."

Nikacheka. Nikasema, kwa ule ujuaji wetu sisi watoto wa mjini tuliosoma vitabu viwili vitatu, kwamba anayetoa roho ya kiumbe basi walau aumie. Bega livimbe! Teke la bunduki ndiyo bei yake, na kulikwepa ni sawa na kula bila kulipa.

Mjomba akageuza shingo, akanielekezea sikio la kulia. "Rudia, mjomba. Huku hakusikii."

Nikarudia. Safari hii maneno yangu yalikuwa membamba kidogo.

Hakunijibu. Alichukua mpini wa jembe, akamsimamisha jamaa, akamkunjisha kiwiko, akaweka mwisho wa mpini kwenye kunjo la mkono na kutazama kidole cha kufyatulia kinafika wapi. Kitako kikiwa kirefu, alisema, kitakukwama kwapani. Kikiwa kifupi, kidole gumba chako mwenyewe kitakupiga pua, na darubini itakuchana nyusi. Kitako kilichoinama sana huinua mtutu na kukupiga shavu. Kilichonyooka husukuma moja kwa moja begani, na bega linavumilia kuliko shavu. Kiwe kipana kwa nyuma, chenye mpira, ili pigo litawanyike. Na uzito, bwana, usiukimbie. Watu wanapenda bunduki nyepesi kwa sababu ya kuibeba, wanasahau kwamba kuna kuipiga.

Hesabu inamuunga mkono. Chukua ile ya .375, iliyotolewa na Holland & Holland mwaka 1912, ambayo hadi leo ni bunduki ya nyati. Risasi yake ya gramu 19 hivi hutoka kwa mwendo wa zaidi ya mita 700 kwa sekunde. Newton alishatuambia tangu 1687 kwamba kila msukumo una mwenzake wa kurudi, kwa hiyo bunduki ya kilo 4 inakurudia kwa kama mita 5 kwa sekunde. Teke hilo ni karibu mara mbili ya lile la .30-06, iliyozaliwa 1906 na inayotosha kabisa kwa swala na kongoni. Ukiongeza kilo moja tu juu ya zile nne, nguvu ya pigo inapungua kwa karibu moja ya tano.

Sasa mjomba akanigeukia. Akasimulia habari ya mgeni mmoja, jitu la miraba minne, aliyekuja na bunduki kubwa kuliko moyo wake. Siku ya kujaribu shabaha ilimpiga mara tatu, na kuanzia hapo, kila akigusa kifyatulio, alifumba macho kabla ya mlio. Akampiga pofu tumboni. Walimfuata siku mbili. "Unajua harufu ya damu ya tumboni, mjomba? Yule alilipa bei yako hiyo. Bega lilikuwa jeusi kabisa. Pofu ilimsaidia nini?"

Nilinyamaza. Wee acha, nilinyamaza kweli. Nilikuwa nimelichukulia bega kama mahali pa kutubia, wakati mnyama hana habari na toba ya mtu. Anachohitaji yeye ni mkono usiotetemeka.

Lakini bado kuna kitu kinanikwaruza. Mwanzoni mwa karne ya ishirini, Mskoti aitwaye Walter Bell aliwinda Karamoja, Uganda, na tembo wake wengi aliwaua kwa bunduki ndogo ya milimita 7, isiyo na teke la kusimulia. Alipasua kichwa cha tembo kwa msumeno ili ajue ubongo ulipo. Wengi walianguka kwa risasi moja, pasipo mateso. Vizuri. Ila aliua zaidi ya 1,000. Sasa niambie: wepesi ule ulikuwa huruma, au ndio uliomwezesha asichoke? Nadhani vyote viwili, na hapo ndipo ninapokwama. Starehe ya bega ni haki ya yule mnyama mmoja aliye mbele yako. Wale wanaomfuata nyuma haiwasemei kitu.

Jamaa, yeye, hakuwa na habari na Bell. Alifunua karatasi yake akaonyesha bunduki yenye matundu mdomoni mwa mtutu. Matundu yale hutoa moshi wa baruti pembeni na nyuma, na teke hupungua sana. "Hii si ndiyo dawa?"

Mjomba aliitazama picha kwa muda mrefu.

"Hizi nazijua," akasema. "Mgeni anavaa viziba masikio. Sisi tunasimama pembeni, tunatega sikio mnyama amekwenda wapi. Mlio wote unatujia sisi." Akagusa sikio la kushoto, basi, kama mtu anayeonyesha mlango wa nyumba aliyohama. "Teke halipotei, mwanangu. Linahama tu."

Miaka yote ile ya likizo nilimpigia kelele mzee huyu, nikidhani ni uzee.

Wiki iliyopita jamaa alipiga simu. Ameagiza ya kilo 4 na nusu, kitako kimepimwa kwa mkono wake, mpira nyuma, mtutu hauna matundu. Mjomba alikuwa ameishika simu sikio la kulia, na mimi nilikuwa nimekaa kushotoni kwake. Nilimwuliza kitu, nimesahau nini. Hakugeuka.