Tozo ya Mafuta na Haki ya Mtaa

Inasimuliwa kwamba Khalifa Omar bin Khattab, akiwa Madina, alihofia kuulizwa na Mola wake juu ya nyumbu aliyejikwaa huko Iraki kwa kuwa njia haikusawazishwa. Wapokezi wanatofautiana, wengine humtaja kondoo au mbuzi kando ya mto Furati. Wahubiri huisoma habari hii kama funzo la huruma kwa wanyama, na kwa maoni yangu wanaipunguza. Uzito wake uko kwenye umbali. Mwenye dola anajihesabu mdaiwa wa njia ambayo yeye haipiti, iliyo mbali na makao yake, na ambayo anayeumia juu yake hana sauti ya kushtaki. Gitega na Muyinga, nchini Burundi, zina njia za namna hiyo kwa wingi: mitaa ya udongo mwekundu iliyokatwa na maji ya mvua kutoka mlimani, mifereji iliyofukiwa, madaraja madogo ya miti. Na kila lita ya petroli au mazutu inayouzwa kihalali nchini hubeba ndani ya bei yake tozo ya matengenezo ya barabara, inayokusudiwa Mfuko wa Taifa wa Barabara. Je, mtaa una haki juu ya fedha hiyo, au unangoja hisani? Nadai kuwa ni haki, na kwamba dini zote mbili, Uislamu na Ukristo, zikisomwa kwa makini, zinaiunga mkono.

Tuanze na uhalali wa tozo yenyewe, maana hapo ndipo hoja yote inaposimama. Wako Waislamu wanaosema kwamba juu ya mali ya Mwislamu hakuna wajibu ila zaka, na kwamba ushuru mwingine wowote ni dhuluma. Hawakulitunga jambo hilo. Wanachuoni wa kale waliwakemea vikali watoza ushuru wa sokoni. Lakini Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, na baada yake Shatibi wa Granada, aliyefariki 1388, walimruhusu mtawala kutoza zaidi ya zaka kwa masharti: hazina iwe tupu, haja iwe ya kweli na ya umma, mzigo ugawanywe kwa uadilifu, na fedha itumike katika haja ile ile iliyoihalalisha. Shatibi alipingwa na wenzake wa Granada, kwa hiyo tusidhani lilikuwa jambo jepesi. Ninachokiona muhimu ni kwamba sharti la mwisho ni sehemu ya ruhusa yenyewe. Likivunjwa, kilichobaki mkononi mwa mtawala ni mali ya watu bila idhini. Wakatoliki, ambao ndio wengi katika jimbo kuu la Gitega na jimbo la Muyinga, wanafika hapo hapo kwa njia yao. Mtume Paulo aliwaagiza Warumi walipe kodi kwa wanaostahili, na Augustino akauliza dola isiyo na haki inatofautiana vipi na genge kubwa la wanyang'anyi. Ukiyaweka pamoja hayo mawili, unapata wajibu wa mlipaji uliofungwa kwenye wajibu wa mpokeaji.

Kama tozo inahalalishwa na barabara, basi lazima tuulize ni barabara ya nani. Jibu la haraka husema: ya wenye magari, kwa sababu wao ndio wanaolipa. Adam Smith alilichunguza jibu hili mwaka 1776 alipoandika juu ya ushuru wa njia, akaona kwamba mwenye gari hutanguliza tu malipo. Anayelipa mwisho ni mnunuzi wa bidhaa. Haijabadilika. Mama anayenunua chumvi, sabuni au saruji iliyofika Muyinga juu ya lori amelipa tozo ya mafuta ingawa hajawahi kumiliki hata baiskeli, na anayepanda teksi ya Probox kutoka Karuzi kwenda Gitega amelipa ndani ya nauli. Tena kuna jambo la kiufundi ambalo wanasiasa hulikwepa. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli: uzito ukiongezeka maradufu, madhara huongezeka kama mara 16. Matumizi ya mafuta hayapandi hivyo hata kidogo. Dereva wa pikipiki anayebeba abiria ndani ya mji wa Muyinga hulipa tozo kwa kila lita na karibu haharibu kitu, wakati lori la ekseli nzito linalotokea mpakani Kobero hulipa kidogo mno likilinganishwa na lami inayopasuka chini yake. Na lori likijaza tangi lake upande wa Tanzania, halilipi kabisa tozo ya nchi linayoivunjia barabara. Kwa hiyo mtaa, ukiuangalia kwa hesabu ya haki, ni mkopeshaji wa barabara kuu. Tumezoea kuuita ombaomba.

Tena mtaa hulipa mara ya pili kwa jasho. Jumamosi asubuhi, kwenye ibikorwa rusangi, yaani kazi za pamoja, wananchi wa Burundi hushika majembe, huzibua mifereji, hujaza mashimo kwa udongo na mawe. Siikejeli desturi hiyo. Mtume Muhammad alihesabu kuondoa udhia njiani kuwa tawi la imani, na jirani anayesafisha mfereji pamoja na jirani anafanya jambo jema kuliko hotuba nyingi. Hata hivyo jembe halijengi kalvati, wala udongo uliomwagwa juu ya shimo bila kushindiliwa na bila mfereji hauvuki msimu wa mvua. Kazi ya mikono inafaa kuongezea fedha. Inapogeuzwa kuwa badala ya fedha, maskini analipa kwa bei ya bidhaa kisha analipa kwa mgongo, na barabara yake bado imekufa. Ghazali angeuliza uko wapi mgawanyo wa mzigo kwa uadilifu.

Wapo watakaopinga kwamba barabara za taifa ndizo zinazolisha nchi, na kwamba bila njia ya Kobero hakuna saruji wala chumvi ya kupitisha mtaani. Ni kweli, na sidai zinyimwe. Nadai tu kwamba kutangulia si kumaliza. Tanzania, jirani wa Muyinga, ilitenga kisheria asilimia 30 ya fedha za Mfuko wa Barabara kwa barabara za serikali za mitaa, ikaunda wakala wa TARURA mwaka 2017 kuzisimamia, na katika bajeti ya 2021/22 ikaongeza shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara hizo. Lami ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, haikutoweka.

Pingamizi zito zaidi ni la Smith mwenyewe, maana aliamini kazi za mtaa zilipiwe na mapato ya mtaa, ndipo zisimamiwe vizuri na wanaoona taa za mitaa yao zikizimika. Ningelikubali kama komini, yaani serikali za mtaa za Burundi, zingekuwa na chanzo cha kutosha cha mapato. Lakini komini ya Gitega haiwezi kutoza mafuta. Serikali kuu imekichukua chanzo hicho, na imeiachia komini ushuru wa soko na vijitozo vinavyowaelemea wauza nyanya. Ruzuku ya faranga milioni 500 kwa kila komini, iliyokuwa ikitolewa kwa mwaka wakati komini zilipokuwa 119, haikuwa ya barabara peke yake. Ilipaswa kugawanywa na madarasa na zahanati. Aliyechukua chanzo amechukua na deni lililofungwa nacho. Tena komini zenyewe zimeunganishwa kuwa 42. Muyinga sasa imo katika mkoa wa Buhumuza, ambao makao yake yako Cankuzo. Kadiri ofisi zinavyosogea mbali, ndivyo habari ya yule nyumbu inavyohusika zaidi.

Kuhusu wizi, nakubali kwamba fedha ikishuka kwenye komini inaweza kuibwa huko. Inaweza kuibwa popote. Uingereza, yenye sifa ya utaratibu, iliuona Mfuko wake wa Barabara ukichotwa na waziri wa fedha Winston Churchill mnamo 1926, mchana kweupe, ndani ya bunge. Tofauti ya mtaa ni kwamba wizi wake una mashahidi: kila mpita njia anajua kalvati lilijengwa au halikujengwa, mradi kiasi kilichotolewa kibandikwe ukutani mwa ofisi ya komini kwa lugha inayosomeka. Burundi ina bashingantahe, wazee walioapishwa kusema haki mbele ya watu. Kuwaita washuhudie mapokezi na matumizi ni kuwapa kazi inayowafaa.

Lipo la mwisho, nalo silitupi: mafuta yenyewe yamekuwa adimu. Miaka ya karibuni foleni kwenye vituo zimekuwa ndefu, na mengi yanayopatikana huuzwa kwa magendo, yamevuka mpaka ndani ya madumu bila kulipiwa tozo. Mfuko unaotegemea lita hupungua lita zinapopungua. Lakini fungu la mtaa likiwekwa kwa asilimia, litapungua pamoja na mapato mengine bila kufutwa, na uchache wa mali haujawahi kuwa udhuru wa kumnyima mshirika mmoja chote alichostahili. Shatibi aliandika kwa hazina tupu, si kwa hazina iliyojaa.

Mwaka wa bajeti wa Burundi huanza tarehe 1 Julai. Madiwani wa komini za Gitega na Muyinga, pamoja na maimamu na mapadre wanaosikilizwa nao, wadai kabla ya tarehe hiyo kwamba sheria ya bajeti itaje kwa tarakimu sehemu ya tozo ya mafuta itakayokwenda kwenye mitaa.