Kusimama Kutazama Gari la Moshi

Mwalimu mmoja wa mtaa ulio karibu na reli ametuletea swali, nasi twaona si haki kumjibu kwa maneno mawili. Asema kwamba siku gari la moshi lipitapo, watoto wa mafundisho huchelewa, kwa kuwa husimama mahali barabara ikatapo reli, wakingoja kulitazama. Amewaonya, hata amewaadhibu. Lakini jioni moja, alipokuwa akirudi kutoka kumzuru mgonjwa, honi ililia, naye akashuka katika baisikeli yake, akasimama, akatazama tangu injini hata behewa la mwisho, na moyo wake ukafurahi. Alipowakumbuka wale watoto akaona haya. Basi auliza: Je, furaha hii ni kosa? Na kama si kosa, ina faida gani?

Kwanza tulitazame jambo lenyewe. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893. Ilifika Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911, mwendo wa kilomita 352. Kisha ikafikishwa Arusha mwaka 1929. Hupita chini ya milima ya Usambara na Upare, kati ya mashamba ya mkonge, na mahali pengi njia za watu huikata. Hapo hapana kiti wala paa, wala hapatolewi kiingilio. Mama atokaye sokoni hutua mzigo wake. Mchungaji huwazuia mbuzi wake. Mzee hushika baisikeli yake kwa mikono miwili. Mara ya kwanza hawasikii kitu ila ndege. Kisha honi hulia mbali, na nchi hutetemeka chini ya nyayo. Injini hupita kwa kishindo na harufu ya mafuta, na nyuma yake mabehewa, moja baada ya moja, nao watoto huyahesabu kwa sauti na kubishana, huyu akisema ishirini na mbili, yule ishirini na tatu. Mtu asiyejulikana hupunga mkono, nao humpungia. Kisha mkia wa gari huzidi kuwa mdogo, kimya hurudi, na watu wasiojuana husemezana kidogo kabla ya kuachana. Jambo zima ndilo hilo.

Wako wasemao kwamba ni upuuzi tu, na kwamba mtu mzima ana kazi ya kufanya. Neno hili si jipya. Augustino, askofu wa Hippo, katika kitabu chake cha Maungamo, alichokiandika karibu na mwaka 400, ajishtaki kwa kosa la namna hii. Asema kwamba haendi tena uwanjani kutazama mbwa akimfukuza sungura. Lakini akipita shambani na kuliona jambo hilo kwa bahati, moyo wake huvutwa. Hata aketipo nyumbani, mjusi akikamata nzi, au buibui akiwanasa wadudu, yeye huwatazama. Akiri kwamba baada ya kuwatazama huweza kumsifu Muumba, lakini sivyo alivyoanza. Alianza kwa kuvutwa na macho tu.

Twamheshimu sana mzee huyu. Lakini tuangalie vema alichokishtaki. Aliogopa moyo usio na mwenyewe, moyo uvutwao na kila kipitacho hata sala ikakatizwa. Kutazama kuko kwa namna mbili. Mvivu hutazama ili asifanye kazi, na gari likiisha kupita yeye bado amesimama, akitafuta kitu kingine cha kumzuia. Mwingine hutazama kwa sababu kitu kikubwa kimekuja mbele yake, na kikiisha kupita hushika njia yake, naye ni mwepesi kuliko alivyokuwa. Ukitaka kumjua mtu ni wa namna gani, mwangalie baada ya behewa la mwisho. Mtungaji wa muziki Antonín Dvořák, aliyefariki mwaka 1904, alikuwa na desturi ya kwenda stesheni katika mji wa Praha kuzitazama injini na kuzijua namba zake. Na mtu huyo aliacha simfonia tisa na kazi nyingine nyingi. Nani atamwita mvivu?

Wengine husema kwamba macho huzaa tamaa, na ya kuwa amri za mwisho zatukataza kutamani. Ni kweli. Twajua jinsi tulitazamavyo shamba la jirani, au ng'ombe wake, au nyumba yake yenye bati jipya. Furaha ya macho huanza vizuri, kisha uchungu huingia. Lakini hapo relini, ni nani asemaye, Laiti gari hili lingekuwa langu? Hakuna. Mwanafalsafa Immanuel Kant, katika kitabu alichokitoa mwaka 1790, alifundisha kwamba uzuri hutupendeza pasipo sisi kutaka kukipata kile kitu. Watoto wetu hawajakisoma kitabu hicho, lakini wameujua ukweli wake. Maskini na tajiri wakisimama pale huona sawasawa, wala fungu la mmoja halipungui kwa kuwa mwenziwe naye ameona. Furaha za namna hii si nyingi: mvua ya kwanza, mlima ujifunuapo asubuhi, jua likichwa.

Tena gari la moshi lina jambo ambalo mlima hauna. Ni kazi ya watu, nalo limechukua mali ya watu. Saruji ile yaenda kujenga nyumba tusiyoijua. Mbolea ile yaenda katika shamba tusilolilima. Mama yule dirishani aenda kumwona mwanawe. Mema yale yatupita, hayasimami kwetu, nasi twafurahi. Je, si vigumu kwa mwanadamu kufurahia mema yampitayo na kwenda kwa mwingine? Husuda yote huanza hapo. Gari la abiria liliporudi Moshi mwezi wa Desemba mwaka 2019, na Arusha mwaka 2020, baada ya miaka zaidi ya ishirini, walilifurahia hata watu wasio na tikiti mkononi. Walifurahi kwamba wengine waweza kusafiri.

Iko lawama ya tatu, nayo twaiona nzito kuliko hizo mbili. Kishindo cha injini chaweza kutusahaulisha gharama yake. Reli ya kutoka Mombasa hata ziwa Viktoria ilijengwa kati ya mwaka 1896 na mwaka 1901. Watu wapata 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuifanya kazi hiyo, na wapata 2,500 kati yao walikufa, wengi kwa magonjwa. Basi atazamaye na asikumbuke, furaha yake ni nusu. Twapenda desturi ya wale walioziita injini kubwa za mvuke kwa majina ya milima ya nchi zetu. Mmoja wa wale majitu ya chuma, uwekwao hata leo katika makumbusho ya reli ya Nairobi, huitwa Mlima Shengena, kwa jina la kilele cha Upare. Ni vema chuma kipewe heshima ya jina. Lakini na mkono uliolaza mataruma, nao una heshima yake, ingawa jina lake halikuandikwa ubavuni mwa injini. Mtoto akifundishwa kumkumbuka mwenye mkono huo, kutazama kwake kwageuka kuwa shukrani.

Sasa hatuna budi kueleza neno letu wenyewe, ingawa si la kujisifu. Miaka mingi imepita tangu siku ile. Tulikuwa twaenda mazikoni, nasi tumechelewa. Tulipofika relini, watoto walikuwa wamesimama wakingoja, na mlinzi, mzee mwenye bendera nyekundu, alikuwa ameinyosha. Gari tuliliona bado liko mbali. Tukasema moyoni kwamba kungoja ni kazi ya watoto na wasio na shughuli, tukaukunja mwavuli, tukavuka kwa haraka. Hatukutazama nyuma. Lakini mtoto mmoja, wa miaka kama saba, alipomwona mtu mzima, tena mwalimu, akivuka, alidhani ni ruhusa. Akatufuata. Kandambili yake ikanasa penye reli, naye akainama kuivuta.

Tulisikia ukelele, tukageuka. Yule mzee alikwisha kuitupa bendera yake. Alimshika mtoto kwa shati, akaanguka naye upande wa pili. Kisha gari likapita kati yetu na wao, behewa baada ya behewa, nasi hatukujua kama wako wazima. Siku ile hatukuhesabu kitu. Lilipokwisha kupita, mtoto alikuwa akilia kwa ajili ya kandambili yake iliyokatika, na mzee alikuwa akijipangusa mavumbi. Hakutugombeza. Alisema tu, "Mwalimu, gari lina njia moja. Wewe unazo nyingi."

Neno lile halijatutoka. Gari zito la mizigo, dereva wake akilifunga breki kwa nguvu zote, laweza kwenda zaidi ya kilomita moja kabla ya kusimama, kwa kuwa gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza. Haliwezi kukwepa wala kurudi nyuma. Yeye awezaye kusimama ni mwenye miguu miwili. Tena macho hudanganyika, maana kitu kikubwa kikija kutoka mbali huonekana kama chaenda polepole.

Tukatafakari: Siku ile mpuuzi alikuwa nani? Watoto waliopenda kutazama walisimama mahali pa salama, wala kungoja hakukuwa mzigo kwao, kwa sababu walikingojea kitu wakipendacho. Sisi tuliodharau kutazama ndio tuliokaribia kumwua mtoto wa mtu, na mazikoni tulifika tumechelewa vilevile. Hapo ndipo tulipoona faida ya furaha hii. Humfundisha mtu kusimama kwa hiari mbele ya kitu kilicho kikubwa kuliko haraka yake. Mtu alazimishwaye kungoja huhesabu dakika. Mtu afurahiaye huhesabu mabehewa. Na yeye aliyezoea kusimama hapo pasipo manung'uniko, twatumaini ataweza kusimama penginepo: mbele ya mgonjwa apumuaye polepole, mbele ya mzee asimuliaye habari ndefu, mbele ya mtoto asomaye herufi moja moja.

Basi, Mwalimu mwenzetu, jibu letu ni hili. Furaha yako si kosa, wala ya watoto si kosa. Kuchelewa ndiko kosa, na dawa yake ni kutoka nyumbani mapema. Usiwapige tena kwa ajili ya kutazama. Siku moja nenda nao. Wapimie hatua ishirini kutoka relini, uweke jiwe, useme, Hapa ndipo pa kusimama. Wafundishe kwamba gari moja likiisha kupita, watazame pande zote mbili kabla ya kuvuka. Waeleze ni nani waliolaza reli. Kisha waache wahesabu, nawe uhesabu pamoja nao.

Tangu mwaka 2024 magari ya umeme huenda kati ya Dar es Salaam na Dodoma, kwa mwendo ufikao kilomita 160 kwa saa, na barabara hupitishwa juu ya reli ile au chini yake, ili watu wasikutane na gari. Twashukuru, kwa maana maisha ya watu yatahifadhiwa. Lakini hapo hapana tena mwenye bendera wala watu wangojao pamoja. Watoto wa kule itawapasa kufundishwa kungoja mahali pengine. Wa kwetu bado wanalo jiwe lao kando ya reli. Na tusilipite kwa dharau.